Walimgombea mjomba mochwari. Si bora dini zisingekuwepo?

«Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Makorora, Tanga. Mwezi uliopita mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki. Alizaliwa Muislamu, akaenda kufanya kazi shamba la mkonge upande wa Muheza, akaoa Mkristo, na mkewe anasema alibatizwa. Lakini kila akija kwa mama, Ijumaa alikuwa anakwenda msikitini kama kawaida. Alipofariki, wajomba walikuja na jeneza la msikiti, shemeji zake wakaja na sanduku kwenye pikapu, wakakutana mlangoni mwa mochwari. Nilisikia matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kwa watu wazima. Polisi waliitwa. Maiti ililala siku nne. Mwisho akazikwa Muheza na padri, na upande wetu hakwenda hata mmoja isipokuwa mimi. Nilisimama nyuma. Tangu siku hiyo sijaswali. Nikiangalia Gaza, Nigeria, Rwanda, naona kila penye dini pana damu. Si bora dini zote zisingekuwepo, watu wakaishi kwa akili na utu tu? Na la pili: baada ya wiki mbili ni arobaini, mama anataka nikasome hitima. Sitaki kuwa mnafiki. Nifanyeje?»

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa kule kusimama nyuma peke yako. Wengi wanaoniandikia kuhusu dini huwa wametoka kubishana kijiweni. Wewe umeandika ukiwa na udongo wa kaburi viatuni, kwa hiyo sitakujibu kama ninayejibu kijiwe.

Kwanza ujue nimekaa wapi. Nimefundisha sosholojia ya dini miaka zaidi ya ishirini, sasa nimestaafu, niko Bagamoyo, Dunda. Naswali. Nakuambia hivyo ili ujue maji ninayokupa yamechotwa kisima gani. Na jibu langu fupi ni kwamba sidhani dunia ingekuwa bora bila dini. Ila sababu zangu huenda zisimfurahishe mama yako, na kuna malalamiko yako mawili matatu ambayo masheikh na mapadri wengi huyakubali chumbani tu, hadharani hawathubutu.

Nikikuelewa vizuri, unasema watu wale wale ambao siku nyingine wangekaa sebuleni wakanywa chai pamoja, waligeuzwa na dini pale mochwari. Ukiitoa dini, wangebaki watu. Basi tuanzie hapo mlangoni, maana hapo pana mengi.

Hukusema jambo moja: mjomba ameacha nyumba? Shamba? Kiinua mgongo? Siwasingizii wajomba zako tamaa. Nauliza kwa sababu nchini kwetu mirathi haina sheria moja. Ipo ya Kiislamu, ipo ya kimila, na ipo ile ambayo Waingereza waliileta kutoka India, ya mwaka 1865, na mpaka leo inatumika. Ndugu wakibishana ni sheria gani ifuatwe, hakimu huangalia marehemu aliishi maisha gani: alifunga ndoa ya namna gani, aliabudu wapi, alijihesabu nani. Na namna alivyozikwa mtu haikosi kutajwa. Sasa kumbuka kwamba kwa sheria ya Kiislamu mjane asiye Muislamu hamrithi mumewe Muislamu. Mjomba akitiwa mwanandani kwa sanda, yule mama wa Muheza anaweza kutoka mikono mitupu. Akizikwa kwa sanduku na padri, huenda ndugu zake ndio wakatoka hivyo. Inawezekana kabisa wengi waliokuwa pale hawakuwa na wazo hilo hata kidogo, walikuwa na uchungu tu. Lakini kwa misiba ya namna hii niliyoiona, kila upande huwa na mtu mzima mmoja anayelijua vizuri, na mara nyingi ndiye anayepaza sauti kuliko wote.

Ukitaka kuona maiti ikigombewa bila msikiti wala padri, vuka mpaka. Wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyeishi Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, redio na magazeti ya Kenya hayana habari nyingine, na marehemu yuko kwenye jokofu. Ukoo ukashinda. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Siku 154, mwanangu. Pale palikuwa na kabila, mila, mke na ukoo. Ungeweza kufuta dini zote duniani usiku mmoja, na asubuhi mawakili wakaendelea na kesi ile walipoiachia.

Hata hivyo, hapa ndipo lalamiko lako la kwanza lina haki. Kuna kitu dini ilikiongeza mlangoni pale, na si kidogo. Mtu anayegombea nyumba, moyoni mwake anajua kwamba anagombea nyumba; mpe nusu, atanung'unika, atachukua. Anayeamini anamwokoa ndugu yake na moto wa milele hawezi kukupa nusu. Kwake kurudi nyuma hatua moja ni kumsaliti Mungu. Kwa hiyo ugomvi wa kawaida kabisa wa ukoo, ukishavikwa kanzu au msalaba, unakosa breki. Anayekuambia dini haina hatari hiyo anakuficha.

Sasa tuingie ndani kidogo, tuone kinachofanya kazi humo. Tumezoea kufikiri dini ni orodha ya mambo ambayo mtu anayaamini: Mungu yupo, pepo ipo, fulani ni mtume. Basi tunadhani orodha ikifutwa, dini imekwisha. Orodha ni sehemu moja tu. Sehemu kubwa ni kukusanyika: kusimama bega kwa bega, kuinama kwa pamoja, kuimba kwaya kwa sauti nne, kufunga mwezi mzima ukijua jirani naye koo limemkauka. Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, mtoto wa rabi ambaye mwenyewe hakuwa na imani, aliliandika hili mwaka 1912, na waliomfuata wamempinga kwa mengi lakini si kwa hilo.

Richard Sosis, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichunguza jumuiya 200 zilizoanzishwa huko kwao, hasa karne ya 19, za watu walioamua kuishi pamoja na kugawana mali. Nyingine zilikuwa za kidini, nyingine za kijamaa zisizo na dini. Katika mwaka wowote ule, jumuiya ya kidini ilikuwa na uwezekano kama mara nne zaidi wa kutovunjika. Baadaye akaona kwamba zile za kidini zilizodai mengi kwa watu wake, usile hiki, usivae kile, toa hiki, ndizo zilizodumu zaidi. Za kijamaa zikidai vivyo hivyo, hazikupata faida yoyote. (Wazee waliokaa vijiji vya Ujamaa wakisoma hapa watatikisa kichwa.) Mtu akiambiwa jitolee kwa ajili ya kamati, baada ya muda huuliza kamati yenyewe inajitolea nini. Akiambiwa ni kwa ajili ya Mungu, swali hilo huwa gumu kuuliza.

Huko kukusanyika ni gundi, na huo ndio upande wake mzuri. Upande wa pili huu hapa. Mwaka 2009 Jeremy Ginges na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu Wapalestina na walowezi wa Kiyahudi. Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mtu anaomba mara ngapi, na anahudhuria ibada ya pamoja mara ngapi. Kuomba sana hakukumfanya mtu aunge mkono zaidi mashambulizi ya kujitoa mhanga. Kuhudhuria sana kulimfanya. Nilipousoma mara ya kwanza niliuweka chini nikatoka kibarazani, maana mimi ni mtu wa safu ya mbele. Ile dua ya usiku, wewe na Mola wako, haikuwa na neno. Lenye neno ni lile bega la mwenzio. Bega hilo hilo ndilo linalokuletea uji ukiumwa.

Na gundi hii haimsubiri Mungu. Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kwenye kambi huko Oklahoma. Wote weupe, wote Waprotestanti, wote wa familia za hali moja, hawajuani. Akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha michezo. Haikuchukua siku nyingi wakachomeana bendera na kuvamiana mabandani usiku. Akawakalisha meza moja wale pamoja, wakarushiana chakula. Kilichowatuliza ni shida ya pamoja: maji ya kambi yalikatika, na ikabidi makundi yote mawili yapande kwenye tangi kutafuta hitilafu. Wewe umekulia nchi ya Simba na Yanga, tena umepanga madumu foleni bombani, kwa hiyo sidhani Sherif ana la kukufundisha.

Ndiyo maana siwezi kukupa lile neno la «kila penye dini pana damu». Damu iko sehemu nyingi. Hapo kwenu Tanga, kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, Waingereza waliteremsha kikosi cha watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakiwemo Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Walipigwa na kikosi cha Mjerumani cha watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, huku nyuki wakiwauma wote bila ubaguzi. Mfalme wa Uingereza na Kaisari wa Ujerumani walikuwa Wakristo, tena mabinamu wa damu. Vita vile havikuhusu Kurani wala Injili. Vilihusu bandari na reli. Gaza na Nigeria dini imo, siikatai, lakini imo pamoja na ardhi, malisho, na miaka mingi ya dhuluma, na sitayamaliza kwa mistari miwili. Rwanda ndiyo nataka uiangalie upya. Mwaka 1994 wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wakisali makanisa yale yale. Watu walikimbilia ndani ya kanisa pale Ntarama na Nyamata, wakauawa humo humo. Dini haikuwa chanzo cha mauaji yale. Ilishindwa kuyazuia, na kwa mtu wa dini kama mimi hilo linauma zaidi ya kama ingekuwa chanzo.

Kufuta dini kumeshajaribiwa. Albania chini ya Enver Hoxha ilijitangaza mwaka 1967 kuwa nchi isiyo na dini; misikiti na makanisa yakafungwa, mengine yakageuzwa maghala na kumbi za michezo, na padri akikutwa anabatiza alikuwa hatarini kufungwa au kuuawa. Mwaka 1990 marufuku ilipoondolewa, watu wakarudi kuabudu mara moja, kama waliokuwa wamekaa nyuma ya mlango wakisubiri. Kule Kambodia, Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot, waliwavua watawa wa Kibuddha majoho yao, na kati ya 1975 na 1979 watu kama milioni 1.7 wakafa kwa kuuawa, njaa na kazi za kulazimishwa.

Lakini nisicheze mchezo wa kitapeli ambao wenzangu huucheza hapa. Hao walikuwa madikteta, na dikteta huua akiwa na tasbihi mkononi au bila tasbihi. Si haki kumbebesha Pol Pot binti wa Makorora asiyeswali. Anayestahili kutajwa ni Mdenmark au Mswidi wa kawaida, asiyeingia kanisani ila kwa harusi na mazishi, na bado analipa kodi, anamtunza mzee wake, na ukidondosha pochi yako mbele yake una matumaini makubwa ya kuipata. Wapo mamilioni ya watu kama hao. Kwa hiyo mtu akikuambia bila Mungu binadamu atakuwa mnyama, mjibu kwa adabu kwamba haijawa hivyo. Ila angalia pia mambo yalivyopangana: wenzetu hao walikuwa na hospitali, pensheni na mahakama wanazoziamini, na misikiti na makanisa yakapungukiwa kazi polepole, hakuna aliyeyafunga kwa bunduki. Sisi ukimwondoa imamu na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo leo, swali la kwanza kesho asubuhi ni nani atamchangia mgonjwa nauli ya kwenda hospitali ya Bombo.

Lalamiko lako la pili lenye haki ni hili: dini inaweza kumfanya mtu aache kutumia akili aliyopewa. Shakahola, Kenya, si mbali na kwenu. Ukipita Horohoro, Mombasa, Malindi, umefika. Tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, ya wafuasi walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto wamo. Siwezi kuigeuza habari hiyo ikawa «walikosea tafsiri tu» halafu nikaendelea na chai yangu. Walitii kwa sababu walifundishwa kwamba kuhoji ni dhambi, na fundisho hilo silisikii Shakahola tu.

Mji ninaokaa nao hauniachi niwe na jibu jepesi. Wenye watumwa hapa Bagamoyo walikuwa wakiswali swala tano na wengine wakijua Kurani kuliko mimi. Wazungu nao, ukiacha porojo, walishanunua Waafrika karne nyingi ng'ambo ya pili ya bara hili, Biblia ikiwa mezani. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni, wakawakomboa watoto kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji. Kisha wakawafanyisha kazi mashambani kwa kengele na kuwapangia maisha hadi ndoa. Rehema na amri vikaja kwenye jahazi moja. Na katika miaka hiyo hiyo aliletwa mtoto kutoka Manyema, Kongo, mtumwa, akalelewa katika nyumba ya Kiislamu hapa mjini. Akasoma. Akauza samaki, akapata minazi, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa Qadiriya, tarika ya Kisufi. Ndiye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na ziara yake bado inajaza mji huu watu na dufu. Waungwana waliojiona wamezaliwa juu yake walikuja kukaa mbele yake kusoma. Dini iliyomhalalisha mtu kummiliki ndiyo iliyompa ngazi ya kupandia, na hakuna sheria ya serikali wakati ule ambayo ingempa. Ungeifuta wakati gani? Kabla ya kununuliwa, au kabla ya kupanda?

Lipo na la maiti. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapa, ukalala usiku mmoja kwenye kanisa la misheni. Mzungu mwenyewe si hoja yangu. Hoja ni waliombeba. Abdullah Susi alikuwa Muislamu. Jacob Wainwright, aliyesoma sala walipouzika moyo wake kule Chitambo, Zambia ya leo, alikuwa Mkristo. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Walitembea miezi, zaidi ya kilomita 1,500, na mzigo ambao vijiji vingi viliuogopa. Nikipita pale mnarani huwa najiuliza njiani walikuwa wakibishana nini jioni. Bila shaka walibishana. Lakini mzigo ulifika.

Hapa mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Hakina dini. Kuna daftari kubwa lenye jalada lililotoka, maturubai mawili, viti vya plastiki mia na kitu, na masufuria saba yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu ili yasipotee. Wakati mama mmoja Mkristo alipofiwa, mhazini wetu, Muislamu, alifika na daftari kabla padri hajafika. Mchinjaji huwa ni Muislamu ili wote wale. Hilo halikuandikwa popote, lilikubaliwa tu, na sehemu nyingine za nchi jambo hilo hilo limeleta vita: kule Buseresere, Geita, mwaka 2013, ugomvi wa nani achinje uliishia mchungaji kuuawa. Kwa hiyo silichukulii poa. Unaona ninakoelekea. Kukusanyika bila dini kunawezekana, tunakufanya hapa. Lakini angalia pia kwamba wanaokiendesha chama chetu, karibu wote, adabu ya kwenda msibani bila kuitwa waliipata msikitini au kanisani. Sijui kama watoto wao wataipata kwingine. Labda wataipata. Wenzetu wa Denmark wameweza.

Basi turudi kwako. Sikuombi urudi kuswali. Hilo ni lako na Mungu wako, kama unaona yupo. Nitakuambia tu nilichokisoma kwenye maneno yako: hujasema Mungu hayupo. Umesema watu walikutia aibu. Hayo ni mambo mawili, na moyo ulioumia huyachanganya. Jipe miezi kadhaa kabla hujajiita jina lolote, la kuamini au la kutoamini.

Kuhusu mama, usimwambie sasa hivi kwamba umeiacha dini. Amezika kaka yake bila kumzika. Ukimwambia leo atasikia anafiwa mara ya pili. Akikuuliza, mwambie kweli iliyo ndogo: «Mama, tangu siku ile sijaweza kuswali.» Hiyo si uongo, na inamwachia nafasi ya kukuuliza kwa nini, na huenda naye ana lake kuhusu siku ile ambalo hajapata wa kumwambia.

Kuhusu unafiki. Neno hilo ni zito katika Uislamu, na halihusu mtu anayekaa na mama yake siku ya arobaini. Mnafiki huonyesha imani ili adanganye watu. Unaweza kupokea juzuu ukasoma kwa ajili ya mjomba kwa sababu ndiyo lugha ambayo nyumba yenu huombolezea. Unaweza usipokee. Unaweza usiende kabisa, na hilo nalo nalielewa, ingawa nadhani litakuumiza wewe kuliko litakavyowaumiza wao. Mimi ningeenda, ningepita moja kwa moja uani kwa wanaochambua mchele na kumenya vitunguu saumu, na juzuu zikigawanywa mikono yangu ingekuwa imejaa. Wanawake wa uani huwa hawaulizi mtu imani yake, wanauliza kisu kiko wapi.

Mambo mengine usiyamalize kwa kuniandikia. Kama hulali, huli, au wazo la kutaka kufa linakupitia, nenda Bombo ukaonane na daktari, tena wiki hii, wala usisubiri arobaini ipite. Kama mtu nyumbani anakutisha, anakupiga, au anataka kukuozesha ili «urekebike», nenda ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Ukitaka kuzungumza na sheikh au padri, chagua mmoja ambaye hakuwepo mochwari. Na mirathi ya mjomba isijadiliwe kwenye jamvi la hitima. Ifunguliwe mahakamani, na mjane atafutiwe msaidizi wa kisheria wa wilaya. Ukipata nafasi, siku nyingine tulivu, mshawishi mama aandike wosia: azikwe wapi, vipi, na nani, mbele ya mashahidi wa pande zote. Andika na wako. Una miaka 26, lakini mjomba naye alidhani ana muda.

Jambo la mwisho. Umewataja wajomba, shemeji, padri, polisi, mama. Mjane umemtaja mara moja tu, kwa neno alilosema. Wewe ndiye pekee wa upande wenu ambaye mjane alimwona makaburini, kwa hiyo huenda ndiye pekee anayeweza kumpigia simu. Mwambie arobaini ni lini na inafanyikia wapi. Kama atakuja au hatakuja, aamue mwenyewe, lakini mpigie kabla ya kununua mchele, ili mjue mnapika wa watu wangapi.